Kimeng'enya Kinachojenga

Ugonjwa wa ini ukitajwa Ayivu, kama kwingineko West Nile nchini Uganda, wengi hufikiria homa ya ini aina ya B, au waragi. Ndiyo maana mtu asiyekunywa pombe wala asiye na virusi hushangaa akipigwa ultrasound mjini Arua na kuambiwa ini lake lina mafuta. Moja kwa moja huyashuku mafuta ya kukaangia. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliyafuatilia mafuta ya ini la wagonjwa wa aina hiyo: takriban asilimia 15 tu yalitoka kwenye mafuta ya chakula, asilimia 59 kwenye akiba ya mwili, na asilimia 26 ini lilikuwa limeyatengeneza lenyewe, hasa kutokana na sukari na wanga.

Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemikali bila yenyewe kwisha. Wengine husema enzaimu, ila neno la vitabu vya baiolojia limetokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kulainisha na kuvunjavunja chakula tumboni. Kwa amilesi ya mate, inayovunja wanga wa muhogo, jina hilo linakaa sawasawa. Kwenye ini lenye mafuta linampoteza msomaji, kwa sababu vimeng'enya vinavyowindwa huko ni vya kujenga.

Vitatu vinatajwa sana, navyo hufuatana kama wafyatua matofali: asetili-KoA kaboksilesi huandaa udongo, sinthesi ya asidi za mafuta hufyatua, na DGAT2 hukamilisha tanuri, yaani trigliseridi, mafuta yanayohifadhiwa ndani ya seli.

Kila kimoja ni shabaha ya dawa. Tusiseme lengo: lengo la daktari ni ini lipone, shabaha ni molekuli ambayo dawa inapaswa kuipata. Dawa inayofunga kazi ya kimeng'enya tuiite kizuia-kimeng'enya. Firsocostat, kizuia cha asetili-KoA kaboksilesi, ilipunguza mafuta ya ini, lakini trigliseridi za damu zikapanda kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa hiyo watafiti wakajaribu kuunganisha vizuia vya aina hiyo na vya DGAT2. Dawa mbili zilizoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu wa ini, resmetirom mwaka 2024 na semaglutide mwaka 2025, hazigusi hata kimoja kati ya vitatu hivyo. Hulenga vipokezi vya homoni.

Basi kamusi ieleze kimeng'enya kuwa protini inayoharakisha badiliko, liwe la kuvunja au la kujenga. Maana hiyo ina faida hata kwa mgonjwa wa Arua ambaye dawa hizo hazijamfikia: ataelewa kwa nini anaambiwa apunguze soda, si chapati peke yake, na kwa nini mnene akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, ini hupata nafuu.