Elimu ya Juu kwa Ajili ya Mama Wazazi

Sisi tunaokaa Kasenga, kando ya mto Luapula, twajua vema umbali ni kitu gani. Toka hapa mpaka Lubumbashi ni kilometa kama 200. Mama akizaa usiku, na damu ikazidi kumtoka, umbali huo ni mkubwa kuliko muda alio nao. Ndiyo maana leo twataka kuwaelezeni habari za waganga wanaosoma masomo ya juu kabisa ili kuchunguza mambo ya uzazi. Huenda mtu akauliza: "Jambo hilo latuhusu nini sisi wavuvi na wakulima?" Latuhusu sana. Tazameni jinsi lilivyoanza.

Siku za mwanzo

Wakati wa utawala wa Wabelgiji hospitali nyingi zilijengwa: za serikali, za makampuni na za misioni. Masista na wauguzi walizalisha mama wengi. Lakini Mkongo hakupewa njia ya kuwa mganga kamili. Kijana mwenye akili nyingi aliweza kusoma katika shule iliyofunguliwa Léopoldville mwaka 1936, akatoka msaidizi wa mganga, akafanya kazi chini ya Mzungu maisha yake yote. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza mwaka 1954, na kile cha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Walichelewa. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi hii kubwa haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Tena katika majuma machache yaliyofuata Wabelgiji wengi wakaondoka.

Basi, ikafanywaje? Shirika la Afya la Ulimwengu lilileta waganga wa mataifa mengine. Wakati uleule likawapeleka wale wasaidizi Ufaransa, makumi kwa makumi, wakamalize masomo yao. Baada ya miaka michache wakarudi madaktari. Watu hawa hawakwenda mikono mitupu. Walikuwa wamekwisha kukaa na wagonjwa miaka mingi, wakajua ni nini kinachowaua watu wao. Fundisho la kwanza ni hilo: elimu ya ng'ambo humfaa zaidi yule aendaye na maswali ya kwao.

Mwana wa Bukavu

Mfano mkubwa ni Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955. Alisoma uganga Burundi, akamaliza mwaka 1983, akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, milimani huko Kivu ya Kusini. Nia yake ilikuwa kuwatibu watoto. Lakini alipowaona mama wanavyoletwa wakiwa taabani, wengine wamekwisha kukata roho njiani, akabadili nia. Akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza uganga wa wanawake na uzazi. Alipomaliza mwaka 1989 angaliweza kukaa huko, apate mshahara mzuri na usingizi wa amani. Akarudi Lemera.

Mwaka 1996 vita vikaingia. Wagonjwa na wauguzi wa Lemera wakauawa. Mwaka 1999 akaanza tena Bukavu, katika hospitali ya Panzi. Ilikusudiwa iwe mahali pa kuzalia. Kumbe waliokuja ni wanawake walioumizwa na watu wenye silaha, maelfu kwa maelfu. Wengi walikuwa na fistula, yaani tundu linalobaki mwilini hata mama asiweze kuzuia mkojo wala choo.

Waganga walikwisha kuijua fistula iletwayo na uchungu wa siku nyingi. Hii iliyoletwa na ukatili ilikuwa jambo jingine. Je, yafaa kutibiwa namna ileile? Ipangwe katika mafungu gani? Mukwege aliandika aliyoyaona kwa wagonjwa wake, akayapima, akayapeleka Chuo Kikuu Huru cha Brussels. Huko akapata shahada ya juu ya utafiti mwaka 2015, akiwa na miaka 60. Tuzo ya Nobeli ya Amani ilikuja mwaka 2018. Wengi wanaijua tuzo hiyo. Sisi twapenda mkumbuke na ile shahada. Mganga akitibu, mgonjwa mmoja anapona. Akichunguza na kuandika, mganga wa mbali asiyemjua naye anajua la kufanya.

Dawa isiyotaka baridi

Mtu akidhani utafiti ni maneno ya vitabuni tu, asikilize hili. Dawa iitwayo oksitosini huzuia damu baada ya kuzaa, lakini joto huiharibu. Yataka kukaa katika friji. Penye umeme wa kukatika-katika, muuguzi huweza kuchoma sindano ambayo nguvu yake imekwisha, naye hajui. Wachunguzi wakajaribu dawa nyingine, kabetosini, iliyotengenezwa ivumilie joto. Wanawake karibu 30,000 walishiriki, katika hospitali 23 za nchi 10, na jirani yetu Uganda, na Kenya pia, zilikuwamo. Majibu yalitolewa mwaka 2018: katika kuzuia damu isizidi nusu lita, dawa hii haikupitwa na ile ya zamani. Habari hiyo ni ya Geneva, lakini faida yake ni ya vijiji kama vyetu.

Shule zasogea karibu

Zamani njia ya elimu hii ilielekea Ulaya tu. Mwaka 1972 ilianzishwa huko Geneva kazi maalumu ya Umoja wa Mataifa ya kuchunguza uzazi wa binadamu, nayo husaidia kuwafundisha wachunguzi wa nchi maskini. Siku hizi ina vituo katika Afrika yenyewe, yaani Burkina Faso, Ghana na Kenya, wanafunzi wasome karibu na kwao. Kile cha Burkina Faso ni cha nchi isomayo Kifaransa kama sisi. Kwetu pia Kinshasa ilipata shule ya afya ya watu wote katika miaka ya 1980, na Lubumbashi nayo inayo.

Lakini jengo la shule halitoshi. Anayesoma sharti ale, na nyumbani watoto wake wale. Mwenye shahada akikosa kazi kwao, atakwenda kuwatumikia wengine, na nani atamlaumu? Na binti zetu wakiachishwa shule mapema, ni nani kati yao atakayefika huko juu? Mambo haya yako mikononi mwa serikali, na mengine yako mikononi mwetu wazazi.

Tena mchunguzi akija kijijini na karatasi zake, msimkimbie. Mwulizeni anatafuta nini, na majibu atayarudisha lini. Ni haki yenu kujua, na ni haki yenu kukataa. Mvuvi wa Luapula hutazama maji kwanza, ndipo atupe wavu. Na waganga wafanye vivyo hivyo. Maji ya hapa yajulikana zaidi na wana wa hapa; basi tuwasomeshe, wapate kurudi.