Joto la udongo: Je, linaweza kuchukua nafasi ya jiko la makaa mjini Nyeri?

KILA mwaka, kati ya Juni na Agosti, ukungu hushuka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, ukatanda juu ya Nyeri, Othaya na Karatina hata jua likakosa nafasi. Huo ndio msimu ambao wenyeji huuita gathano. Usiku, kiwango cha joto mjini Nyeri, ulioko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, huteremka hadi karibu nyuzi 11 za Selsiasi, na jiko la makaa huingizwa chumba cha kulala. Aliyewahi kuketi katika meza ya uhariri anaijua habari inayofuata: madirisha yamefungwa, matundu ya hewa yamezibwa kwa matambara, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Gesi ya kaboni monoksidi itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu. Aliyelala haamshwi nayo.

Kwa hivyo, kupasha nyumba joto bila kuwasha moto ndani si suala la anasa katika miji ya Mlima Kenya. Na kwa kuwa Kenya inasifika kwa kawi ya mvuke, anayejenga huenda akauliza: mbona nasi tusichimbe?

Ni muhimu kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa mwaka wa 1956, na kituo cha kwanza kikaanza kuzalisha umeme mwaka wa 1981. Mvuke wa huko hutoka kwenye miamba yenye joto kali chini ya Bonde la Ufa, na visima hushuka kilomita moja hadi tatu. Matumizi yake hayajaishia kwenye umeme. Huko Eburru, wakulima wamekuwa wakiupoza mvuke wapate maji, na kuutumia kukaushia pareto. Shamba la maua la Oserian lilianza mwaka wa 2003 kupasha joto vibandaumiza vya waridi, ili kupunguza unyevu wa usiku unaoleta kuvu. Nalo shirika la GDC, lililoundwa mwaka wa 2008, limeonyesha huko Menengai jinsi joto hilo linavyoweza kuchemsha maziwa, kufuga samaki na kufua nguo.

Mlima Kenya nao ulikuwa volkano, lakini ulizimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Mwenye ploti Ruring'u au King'ong'o asitarajie kuchimba akutane na mvuke.

Anachoweza kupata ni kitu kingine: joto la kawaida la udongo. Kadiri mtu anavyochimba, ndivyo joto la ardhi linavyokaribia wastani wa joto la hewa la mwaka mzima, ambao kwa Nyeri ni nyuzi 17 au 18 hivi. Barani Ulaya, udongo wa juu huganda wakati wa baridi na mafundi hulazimika kuukwepa. Hapa kwetu, karibu na ikweta, misimu haitofautiani sana, na hata mita moja u nusu chini ya ardhi joto hubadilika kidogo tu kati ya Januari na Julai.

Bila shaka nyuzi 18 hazimpashi mtu joto. Hapo ndipo pampu ya joto inapohitajika, na anayetaka kuielewa ana mfano wake jikoni. Friji huondoa joto kwenye chakula na kulitupa nje. Weka mkono nyuma yake utalihisi. Pampu ya joto hufanya kazi iyo hiyo, ila "chakula" chake ni udongo wa shamba, na joto linalotupwa huelekezwa sebuleni. Mwanasayansi Lord Kelvin aliieleza kanuni hii mwaka wa 1852, na Heinrich Zoelly wa Uswisi akapata hataza ya kutumia ardhi kama chanzo cha joto mwaka wa 1912. Faida yake ni kwamba umeme hautumiki kuzalisha joto bali kulihamisha. Kwa kila uniti moja ya umeme, mashine nzuri hutoa uniti tatu hadi nne za joto, ilhali hita ya kawaida ya kuchomeka ukutani hutoa moja kwa moja.

Sasa tupige hesabu. Nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu vya kulala, ikiwa imezibwa vyema, yaweza kuhitaji takriban kilowati 5 usiku wa Julai. Kilowati moja na robo itatoka kwenye umeme. Zilizosalia, karibu nne, zitoke ardhini. Kwa mitaro ya kina cha mita moja u nusu, mita mraba moja ya udongo wenye unyevu hutoa takriban wati 25, kwa hivyo panahitajika mita mraba 150 hivi. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mita mraba 465 pekee, na humo mna nyumba, shimo la maji taka, tangi na njia ya gari. Anayekosa nafasi hulazimika kuchimba wima, shimo la mita 75 au zaidi. Kuchimba kunakofikia maji ya chini ya ardhi kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), na hufanywa na mchimbaji mwenye leseni.

Udongo mwekundu wa Tetu, Othaya na Mathira hushika unyevu, na unyevu hupitisha joto vizuri. Upande wa Kieni, ambao hupata mvua kidogo, mitaro itabidi irefushwe.

Paipu zinazozikwa ni zile nyeusi za plastiki ngumu ambazo miradi ya maji vijijini imezizoesha macho yetu. Huunganishwa kwa kuyeyushwa, si kwa gundi, na sharti zijazwe maji kwa shinikizo na kuachwa zikaguliwe kabla ya kufukiwa. Kwa kuwa ardhi yetu haigandi, maji matupu yanatosha ndani yake. Ndani ya nyumba, paipu nyembamba hulazwa chini ya sakafu, juu ya tabaka la kuzuia joto lisizame, kisha simiti humwagwa. Kazi hiyo ni rahisi nyumba inapojengwa. Kuvunja sakafu iliyokwisha kuwekwa vigae ni gharama nyingine kabisa. Wakati wa jua kali la Januari na Februari, maji hayo yaweza kuzungushwa bila kompresa yakapoza sakafu kidogo, ingawa ni wachache Nyeri watakaolilia huduma hiyo.

Je, inafaa? Kwa maoni ya mwandishi huyu, kwa nyumba ya kawaida mjini, bado. Nchi za baridi kali huchimba kwa sababu hewa yao hushuka chini ya sufuri huku udongo ukibaki na joto. Nyeri, tofauti kati ya hewa ya usiku na udongo ni nyuzi sita au saba tu. Pampu inayovuta joto hewani, yaani kiyoyozi cha aina inayoweza kupasha pia, itakaribia kufanya kazi hiyo bila kuchimba hata futi moja. Anayeweza kunufaika zaidi na mitaro ni mwenye uwanja mpana na watu wengi chini ya paa moja: shule ya bweni, zahanati, hoteli ya watalii Nanyuki.

Isitoshe, hakuna mashine itakayoshinda mabati matupu. Joto hupanda, na nyumba isiyo na dari hulipoteza usiku kucha. Dari iliyofunikwa vyema kwa juu, mapazia mazito na mlango usiopitisha upepo vitangulie. Baada ya hapo hita ndogo huenda ikatosha. Matundu ya hewa yabaki wazi, na jiko la makaa libaki nje.

Atakayeamua kuchimba hata hivyo ahakikishe fundi amemchorea ramani yenye vipimo, inayoonyesha kila paipu ilipopita, naye aiweke pamoja na hati ya ploti. Fundi atakayekuja miaka kumi baadaye kuchimba shimo jipya la maji taka hatakuwa na njia nyingine ya kujua kilichozikwa chini ya sururu yake.