Masurufu ya Talibu: Tarikhi ya Kutafuta Elimu ya Juu Ughaibuni kwa Gharama Nafuu

Mzazi wa Afrika Mashariki anayetaka mwanawe avuke bahari kwenda kusoma aghalabu hutaja kwanza sifa za chuo na heshima ya shahada, walakini swali linalomnyima usingizi ni la masurufu: nauli itatoka wapi, ada italipwa na nani, na kijana atakula nini katika mji usio na jamaa. Swali hilo ni kongwe kuliko vyuo vikuu vyetu vyote, na anayefuatilia tarikhi yake ataona kwamba kila nchi iliyopata kuitwa rahisi kwa talibu wetu ilikuwa na mtu, au wakfu, au dola, iliyoubeba mzigo kwa sababu zake yenyewe, na kwamba sababu zile zilipobadilika, gharama ilirudi mabegani mwa mzazi.

Katika zama za majahazi, talibu wa Lamu, wa Unguja au wa Ngazija aliyetaka kuzidisha elimu baada ya kuwamaliza masheikh wa kwao alingoja pepo za kusi, akapanda chombo kinachorudi Arabuni, akashukia pwani ya Hadhramaut, na kutoka huko akashika njia ya bara mpaka Tarim au Seiyun. Ndivyo walivyosafiri Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na baadaye akawa kadhi wa Unguja, na sahibu yake Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, ambaye aliporejea aliasisi madrasa yake Ukutani, katika mji wa Unguja, na ambaye Mola alitaka afariki mwaka ule ule mmoja na rafikiye, 1925. Safari ilikuwa ndefu na ya taabu, ila kisomo chenyewe hakikuuzwa: sheikh hakutoza ada, na mgeni alipata kilalio na chakula kwa mapato ya wakfu na kwa ukarimu wa masharifu waliokuwa na jamaa zao huku pwani. Kairo hali kadhalika, katika msikiti wa Al-Azhar ulioanza kujengwa mwaka 970, kila taifa la wanafunzi lilikuwa na riwaki yake, yaani makazi yake, wale wa Uhabeshi na Zaila wakiwa na riwaki ya Jabarti, na mikate ya kila siku iligawiwa kwa hesabu kutoka katika wakfu. Waliouweka wakfu ule walitaka thawabu za akhera, na maadamu haja hiyo haina mwisho, fadhila yao ilidumu karne kwa karne. Wala sijaona katika mifano yote inayofuata mfadhili mwingine aliyekuwa na subira kama ile.

Utawala wa Waingereza ulileta mizani nyingine. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, haikutoa shahada mpaka ilipounganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na nafasi zake zilikuwa chache mno kwa nchi zote zilizoitegemea. Ng'ambo walikwenda wateule wachache: Peter Mbiyu Koinange alifika Hampton, Marekani, mwaka 1927, akiwa mwana wa chifu mwenye mali, na Julius Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952 kwa msaada wa masomo wa serikali. Ama kijana aliyefaulu asichaguliwe, au aliyekosa alama moja au mbili katika cheti cha Cambridge, mlango wake ulifungwa, na hakuna aliyeona haja ya kumweleza kwa nini.

Mlango huo ulisukumwa na Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, na jinsi alivyoifanya hesabu yake yafaa kusomwa polepole, kwa kuwa aliitambua sehemu halisi iliyokuwa ikiwashinda watu. Vyuo vingi vidogo vya Marekani, aghalabu vya makanisa na vile vya Wamarekani weusi, vilikuwa tayari kuwapokea vijana wa Kenya na hata kuwasamehe ada. Wapo waliokuwa wameshika barua za kukubaliwa nao wangali vijijini, wakiziweka sandukuni miaka kwa sababu tiketi ya ndege ilizidi uwezo wa ukoo mzima. Kikwazo, basi, kilikuwa nauli. Mboya akashauri kwamba badala ya kila mmoja kuhangaika na tiketi yake ikodiwe ndege nzima, na huko Marekani taasisi ya kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika ikachangisha fedha, huku Jackie Robinson, mchezaji mashuhuri wa besiboli, na wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier wakitia majina yao katika wito wa mchango. Septemba 1959 wanafunzi 81 wakaruka kutoka Nairobi.

Wanaosimulia habari hii hupenda kuwataja wakubwa wa Marekani, na ni haki yao kutajwa, lakini mimi naona fahari kubwa zaidi iko kwa wale waliobaki nyuma. Kijana alihitaji nguo, kiasi cha fedha mfukoni, na dhamana ya kwamba hatakuwa mzigo atakapofika. Na hayo yalitoka katika karamu za chai na dansi za michango, katika mbuzi na ng'ombe waliouzwa, katika shilingi za akina mama waliokuwa hawajui kusoma barua ya chuo iliyofumbatwa na mtoto wao. Mji au kijiji kilimpeleka mtu wake, kikijua kwamba kinanunua mwalimu, daktari au mkurugenzi wa siku za uhuru. Katika kundi la mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari, aliyefikishwa katika chuo cha masista mjini Atchison, Kansas, akapata shahada ya elimu ya viumbe mwaka 1964, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa jina la Wangari Maathai.

Hata hivyo ndege za mwaka 1960 zilikaribia kukwama. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imekataa kuzigharamia, hata Mboya akamwendea Seneta John Kennedy, mgombea wa urais mwaka ule, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Hapo ndipo wizara nayo, chini ya serikali ambayo makamu wake wa rais, Nixon, alikuwa mpinzani wa Kennedy, ilipogundua kwamba fedha zipo. Mpaka mwaka 1963 walikuwa wamesafirishwa wanafunzi karibu 800.

Upande wa pili wa dunia nao haukulala. Februari 1960 serikali ya Kisovieti ilianzisha mjini Moscow Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina la Patrice Lumumba, na humo talibu wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini hakulipa ada, akapewa malazi, posho ya kila mwezi, na mwaka mzima wa kujifunza Kirusi kabla ya kugusa fani aliyoijia. Oginga Odinga, naye mwanasiasa wa Kenya, aliwapeleka vijana wengi upande huo, na njia yao mara nyingi ilipita Kairo, ambako serikali ya Gamal Abdel Nasser ilikuwa imefungua milango yake kwa wanafunzi wa Unguja na bara, na ambako mwaka 1961 Al-Azhar yenyewe iliongezewa kwa sheria utabibu na uhandisi. Si kila palipokuwa bure palikaa vizuri: Beijing, mwaka 1962, kupigwa kwa mwanafunzi kutoka Zanzibar kulizusha malalamiko makubwa miongoni mwa Waafrika waliosoma huko, na wengi wao wakaiacha China kabla ya kumaliza. Na dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, waliokuwa wangali masomoni waliona posho yao ikiyeyuka katika mfumuko wa bei.

Uingereza haikungoja kuvunjika. Mwaka 1967 iliweka ada ya wageni kuwa pauni 250 kwa mwaka, ilhali mwenyeji alihesabiwa pauni 70, na kuanzia mwaka 1980 ikawatoza wageni wapya gharama kamili ya masomo, hata nchi iliyokuwa imetufundisha kutazama London ikawa ya matajiri na ya wenye misaada. Ndipo njia ya Bara Hindi, ambayo wafanyabiashara wetu waliijua tangu enzi na dahari, ilipojaa wanafunzi: masomo yalikuwa ya Kiingereza, ada ilikuwa ndogo, na baraza la serikali la uhusiano wa utamaduni, lililoanzishwa mwaka 1950, lilikuwa likisimamia misaada ya masomo kwa wageni. Wakenya walimiminika Pune na Baroda hasa baada ya kufungwa kwa Chuo Kikuu cha Nairobi kufuatia jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, wazazi wakiwa wamechoka kungoja.

Leo vijana hutajiana Ujerumani, na ni kweli kwamba vyuo vya serikali katika majimbo yake mengi havitozi ada. Ila jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wageni wasiotoka Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na mwombaji wa viza asiye na mfadhili wala msaada wa masomo hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu, ambazo kuanzia Septemba 2024 zimekadiriwa kuwa yuro 11,904 kwa mwaka. Denmark iliacha kuwasomesha bure wageni kama hao mwaka 2006, Sweden mwaka 2011, Finland mwaka 2017, na Norway, iliyokuwa tegemeo la mwisho upande wa kaskazini, mwaka 2023.

Basi nawasihi wazazi wanaokusudia kuuza shamba au kukopa katika ushirika ili mtoto asafiri: msiridhike na sifa kwamba nchi fulani ni rahisi. Ulizeni ni nani anayelipa kile msicholipa ninyi, ada ya mwaka wa tatu imewekewa ahadi gani, na kama tume ya vyuo vikuu ya hapa kwetu huitambua shahada ya chuo kile. Na majibu yote yawe ya maandishi, mkononi mwenu, kabla nauli haijalipwa.