Nani Atalipa? Miaka Themanini ya U.S. Women's Open

Zawadi za kwanza za U.S. Women's Open zililipwa kwa pesa za kamari. Mwaka 1946 mjini Spokane, jimbo la Washington, palikuwa na klabu iliyojiita Spokane Athletic Round Table, ambayo mashine zake za kamari ziliingiza fedha nyingi kuliko wanachama walivyoweza kuzitumia. Klabu ikaamua kutenga dola 19,700 kwa ajili ya mashindano ya gofu ya wanawake wanaocheza kwa malipo. Kwa wakati ule lilikuwa fungu la kushangaza. Wanawake wenyewe walikuwa na chama chao, WPGA, kilichoanzishwa mwaka 1944 na Hope Seignious, Betty Hicks na Ellen Griffin, lakini kilikuwa chama chenye jina tu, mtaji hakikuwa nao.

Bingwa wa mwaka huo alikuwa Patty Berg, mzaliwa wa Minneapolis, aliyekuwa ametumikia jeshi la Marekani kama afisa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ulikuwa mwaka pekee ambao taji hili liliamuliwa kwa wachezaji kukutanishwa wawili wawili, shimo kwa shimo, anayeshindwa anafungasha virago. Katika fainali Berg alimwangusha Betty Jameson alipomtangulia kwa mashimo matano huku yakiwa yamebaki manne. Alikabidhiwa dola 5,600, na hata hizo hazikuwa noti: zilikuwa hati za dhamana ambazo serikali ilikuwa ikiziuza ili kugharamia vita.

Mwaka uliofuata Spokane haikuwepo tena kwenye picha. Mashindano yalihamia Greensboro, North Carolina, na bingwa akapata dola 1,200. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla bingwa mwingine wa mashindano haya kupokea kiasi kama alichopokea Berg. Kwa hiyo anayedhani kwamba zawadi za michezo hupanda mwaka hadi mwaka, kama bei ya sukari, aitazame historia hii upya. Hata hivyo Greensboro iliacha mambo mawili yaliyodumu. La kwanza ni utaratibu wa kuhesabu mikwaju: mashimo 18 kwa raundi, raundi nne, jumla mashimo 72, na mwenye mikwaju michache ndiye bingwa. La pili ni alama za Betty Jameson, yule yule aliyeshindwa Spokane, ambaye safari hii alimaliza kwa mikwaju 295. Kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa amemaliza mashindano ya mashimo 72 kwa chini ya mikwaju 300.

WPGA haikufika mbali. Nafasi yake ilichukuliwa na LPGA, chama ambacho kinaorodhesha wanawake 13 kuwa waasisi wake wa mwaka 1950, Berg akiwa rais wa kwanza. Maisha yao ya kazi yalikuwa ya barabarani. Waliendesha magari yao kutoka mji hadi mji, wakapanga viwanja, wakaamua migogoro ya sheria na kuandika hundi za zawadi, kisha wakachukua fimbo zao na kuingia uwanjani kushindana wao kwa wao. Mchezaji aliyekuwa akikuwinda kwenye msimamo ndiye huenda angesaini hundi yako jioni. Utaratibu kama huo una heshima yake, lakini unachosha. Mwaka 1953 LPGA iliomba shirikisho la gofu la Marekani, USGA, liyabebe mashindano haya, nalo likakubali. Ndilo linaloyaendesha hadi leo.

Wanahistoria wengi wa gofu huyaita makabidhiano hayo ukombozi. Mimi naona yalikuwa biashara ya pande mbili. Wanawake walipata mwenyeji mwenye mfuko na jina, tena mkongwe, maana USGA iliundwa mwaka 1894. Pamoja naye wakapata kitabu chake cha sheria, ambacho hakikuwa na huruma kwa mtu yeyote.

Faida ilionekana upesi. Mwaka 1954, katika uwanja wa Salem huko Peabody, Massachusetts, alirudi Babe Zaharias. Binti huyu wa wahamiaji kutoka Norway, mzaliwa wa Port Arthur, Texas, alikuwa tayari gwiji kabla hajashika gofu kwa dhati: katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1932 alitwaa dhahabu mbili, ya mkuki na ya mbio za kuruka viunzi mita 80, na fedha ya kuruka juu. Taji la Open alikuwa amelichukua mwaka 1948 na 1950. Kisha Aprili 1953 alipasuliwa kwa saratani ya utumbo mpana. Madaktari walimwekea njia ya choo tumboni, na ilidhaniwa kwamba gofu ya ushindani kwake imekwisha.

Siku ya mwisho ya Open zama hizo haikuwa na mchezo. Wachezaji walikamilisha raundi mbili, mashimo 36, kwa siku moja, kwa miguu. Babe aliyamaliza na kushinda kwa tofauti ya mikwaju 12. Aliyepangwa kucheza pamoja naye siku hiyo alikuwa msichana wa miaka 19, mchezaji wa ridhaa kutoka California aitwaye Mickey Wright. Babe alifariki Septemba 1956, akiwa na miaka 45. Wright alikuja kulitwaa taji hili mara nne kati ya 1958 na 1964, na wapo wataalamu wengi wanaosema hajapata kutokea mwanamke mwenye pigo safi kama lake.

Ile sura ya pili ya USGA ilijitokeza mwaka 1957, katika uwanja wa Winged Foot, Mamaroneck, jimbo la New York. Kisa hiki kinastahili kusimuliwa taratibu.

Jackie Pung alitoka Honolulu, wakati Hawaii ilikuwa bado haijawa jimbo la Marekani. Mwaka 1952 alikuwa bingwa wa taifa wa wachezaji wa ridhaa, na mwaka 1953 alifungana na Betsy Rawls kileleni mwa Open, akashindwa katika raundi ya ziada ya kuamua mshindi. Alikuwa mama wa watoto, mcheshi, mwenye mashabiki wengi. Pale Winged Foot alimaliza raundi ya mwisho kwa mikwaju 72, jumla 298, moja pungufu ya Rawls. Watu wakamzonga kumpongeza.

Katika gofu mchezaji hajiandikii alama. Humwandikia mwenzake, kisha mwenye kadi huikagua shimo kwa shimo na kuisaini. Pung alikuwa akicheza na Betty Jameson. Kwenye shimo la nne wote wawili walipiga mikwaju sita, na kila mmoja akamwandikia mwenziwe mitano. Jumla iliyoandikwa chini ya kadi ya Pung ilikuwa sahihi kabisa, 72, wala hakujipunguzia hata mkwaju mmoja. Lakini kwa sheria jumla si jukumu la mchezaji. Jukumu lake ni alama za kila shimo. Aliisaini kadi yenye 5 mahali palipostahili 6, akaondolewa mashindanoni. Jameson naye aliondolewa kwa kosa hilo hilo. Taji likaenda kwa Rawls, aliyekuwa na mikwaju 299.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Wanachama wa klabu na watu wengine waliokuwepo walianza kuchangishana papo hapo, na kiasi walichompa Pung kilizidi dola 1,800 ambazo Rawls alilipwa kama bingwa. Msimamo wa mashindano ulisema hivi, mifuko ya watazamaji ikasema vingine. Wako wanaosema sheria ni sheria, na kwamba gofu bila uaminifu wa kadi si gofu. Hoja hiyo naielewa, lakini kosa lililoonekana na kila mtu, ambalo halikumpa mkosaji faida yoyote, halikustahili adhabu sawa na ya mdanganyifu. Pung aliishi hadi mwaka 2017, akiwa na miaka 95, bila kupata kulitwaa taji hilo. Rawls alilipata mara nne kwa jumla, na kumbukumbu zinamweka sawa na Wright.

Miaka ya sitini nitaipitia haraka, isipokuwa kwa watu wawili. Wa kwanza ni Catherine Lacoste wa Ufaransa, binti wa René Lacoste, bingwa wa tenisi ambaye jina lake limeshonwa kwenye fulana zenye nembo ya mamba. Mwaka 1967, huko Hot Springs, Virginia, siku chache baada ya kutimiza miaka 22, aliwashinda wachezaji wa kulipwa akiwa yeye ni wa ridhaa. Kwa kuwa wa ridhaa hapokei fedha, aliondoka na kombe peke yake. Tangu mwaka 1946 hakuna mwingine wa ridhaa aliyewahi kushinda.

Wa pili hakuwahi kulishinda. Althea Gibson, Mmarekani Mweusi aliyekuwa bingwa wa Wimbledon mwaka 1957 na 1958, alihamia gofu na mwaka 1964 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kwenye ziara ya mashindano ya LPGA. Kuna klabu zilizomruhusu kucheza uwanjani lakini zikamfungia vyumba vya kubadilishia nguo, ikabidi avalie viatu vyake garini. Yeyote atakayeandika historia ya mchezo huu kwa kuorodhesha mabingwa tu atamkosa Gibson, na kumkosa yeye ni kukosa nusu ya habari. Mwaka 2018 mashindano yalipelekwa Shoal Creek, Alabama, klabu ambayo mwaka 1990 mwanzilishi wake alitamka hadharani kwamba haiwapokei Weusi. Kauli ile iliwafanya wadhamini wakimbie na ikavilazimisha vyama vya gofu kubadili masharti ya viwanja vinavyopewa mashindano makubwa. Kwa mara nyingine, mwenye fedha ndiye aliyesikilizwa kwanza.

Julai 1998 mashindano yalikuwa Blackwolf Run, Kohler, jimbo la Wisconsin. Jenny Chuasiriporn, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke na binti wa wazazi waliotoka Thailand, alizamisha mpira kutoka mbali sana kwenye shimo la 72 na kulazimisha raundi ya ziada dhidi ya Pak Se-ri, Mkorea wa miaka 20. Raundi hiyo ilichezwa siku iliyofuata, Jumatatu. Walipofika shimo la 18 walikuwa sare.

Mpira wa Pak ulikwenda kushoto, ukanasa kwenye nyasi za mteremko ukingoni mwa bwawa. Angeweza kukubali adhabu ya mkwaju mmoja na kuudondosha mpira mahali pakavu. Alisimama akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaketi, akavua viatu na soksi, akaingia majini. Miguu yake ilikuwa imeungua kwa jua hadi kwenye vifundo, na kuanzia hapo chini ilikuwa myeupe pe, alama ya saa alizotumia kwenye mazoezi. Akapiga, mpira ukatoka. Chuasiriporn alipata nafasi ya kumaliza kazi, akakosa. Wakaendelea, na kwenye shimo la 20 la siku hiyo Pak akazamisha mpira wa ushindi.

Korea Kusini ilikuwa imepiga magoti. Novemba 1997 ilikuwa imeomba mkopo wa dharura kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, makampuni yalikuwa yakifunga milango na watu wakipoteza ajira. Picha za binti aliyevua viatu na kuingia majini zilirudiwa kwenye televisheni hadi kila mtoto akazijua. Mmoja wa watoto hao, Inbee Park, alikuwa hajatimiza miaka kumi. Mwaka 2008 alilitwaa taji hilo hilo akiwa na miaka 19, bingwa mdogo kuliko wote waliomtangulia, kisha akalirudia mwaka 2013. Kati ya 1998 na 2020 Wakorea walilichukua mara 11, wachezaji kumi tofauti. Mashindano yaliyozaliwa yakiwa ya Wamarekani watupu yakawa, ndani ya kizazi kimoja, mashindano ya Asia yanayofanyikia Marekani.

Kitabu cha sheria nacho hakikulala. Mwaka 2016, huko CordeValle, California, Anna Nordqvist wa Sweden na Brittany Lang wa Marekani walikuwa katika mashimo matatu ya kuamua mshindi. Kamera ya televisheni ilionyesha fimbo ya Nordqvist ikigusa chembe chache za mchanga kabla ya pigo, kosa ambalo jicho la mtu lisingeliona. Aliadhibiwa mikwaju miwili. Nordqvist aliarifiwa akiwa tayari amepiga mkwaju wake wa tatu kwenye shimo la mwisho, lakini Lang alikuwa bado hajapiga wake, na kwa kuijua adhabu hiyo akachagua pigo la tahadhari. Safari hii hakuna aliyepitisha kofia, ila manung'uniko yalikuwa yale yale ya Winged Foot.

Mwaka 2023 wanawake walicheza Open kwa mara ya kwanza Pebble Beach, uwanja wa pwani ya California ambao wanaume walianza kuutumia kwa Open yao mwaka 1972. Bingwa alikuwa Allisen Corpuz, Mhonolulu kama Pung, na alilipwa dola milioni mbili. Mwaka 2025, katika toleo la 80 huko Erin Hills, Wisconsin, Maja Stark wa Sweden alipata dola milioni 2.4 kutoka fungu la milioni 12. Majuma mawili baadaye wanaume walicheza Open yao Oakmont, Pennsylvania, chini ya shirikisho lile lile la USGA. Fungu lao lilikuwa dola milioni 21.5.