Tamko, Hati na Uhakiki

Mwanafunzi wa Bwesumbu wilayani Kasese, huko juu kwenye miteremko ya Rwenzori, huyajua matokeo yake kabla hajaona karatasi yoyote. Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, UNEB, likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, huandika UACE kwenye simu, akaacha nafasi, akaweka namba yake ya mtihani, akatuma kwenda 6600. Jibu likirudi, nyumba nzima imejua. Jirani amejua, na mchungaji amejua. Aliyebaki bila kujua ni chuo kikuu, ambacho hakitaki kujua mpaka karatasi ifike mezani.

Kati ya ujumbe ule wa simu na karatasi ile kuna kitendo ambacho Kiswahili bado hakijakipa jina lililotulia: mwombaji kuziandika alama zake mwenyewe kwenye fomu, akaaminiwa kwa muda, kisha hati rasmi ikafuata. Nchini Marekani hilo ni jambo la kawaida siku hizi. Vyuo vingi humruhusu mwombaji aandike mwenyewe alama zake za SAT au ACT, na shirika la mtihani hutakiwa kuleta ripoti yake kwa yule tu aliyekubaliwa na kuamua kujiunga. Ikionekana kwamba alichoandika hakilingani na ripoti, nafasi yake inaweza kufutwa. Huku kwetu kitendo chenyewe kipo, nusunusu. Jina ndilo halipo, na kwa kukosa jina tumekosa pia kukijadili.

Tuanze na neno linalojileta lenyewe: kujiripoti. Neno hili halifai, na sababu inajulikana na kila anayeishi kati ya Kasese na Bwera. Kwetu kuripoti ni kufika mwili mzima mahali ulipoitwa. Mwanafunzi huripoti shuleni muhula unapofunguliwa. Mtu aliyeachiwa kwa dhamana huripoti polisi. Ukimwambia kijana ajiripoti, umemweka kwenye foleni ya washukiwa kabla hajaandika hata herufi moja.

Kujitangaza nalo lina mkosi wake. Anayejitangaza ni mgombea au mwenye duka, na lugha yetu imeshawahukumu wote wawili katika methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto aliyelelewa kwa methali hiyo huona haya kuitaja hata alama aliyoitolea jasho. Kudai ni baya zaidi. Magazeti yakiandika kwamba fulani anadai amesoma, msomaji ameshaambiwa asiamini. Kukiri na kuungama ni maneno ya kosa na dhambi. Kutaja ni neno safi, lakini ni jepesi mno, kwa sababu hutaja mtu chochote popote bila kuwajibika.

Linabaki tamko. Hili ni neno lenye mgongo. Serikali hutoa tamko. Nchini Tanzania kiongozi wa umma hujaza tamko la mali na madeni yake, na fomu hiyo huipeleka Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Hasemi kwa majivuno wala kwa kuungama. Anasema kwa sababu yeye ndiye anayejua, na akisema uongo neno lake litamrudia. Baada ya hapo Sekretarieti hufanya uhakiki. Hiyo ndiyo jozi tunayoihitaji, na tayari imo katika lugha: tamko ni la mwenye habari, uhakiki ni wa mwenye ofisi. Kwa hiyo napendekeza tuseme tamko la alama.

Watu wa Bwera hawahitaji kufundishwa mpangilio huo. Pale Mpondwe, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, mfanyabiashara anayevuka kwenda au kutoka Kasindi hueleza kwanza mzigo wake ni nini na ni kiasi gani, ndipo afisa wa forodha anapokagua. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa mfanyabiashara anaweza kudanganya, basi asiulizwe. Huulizwa, huandika, huweka sahihi, halafu hukaguliwa.

Lakini tamko la nini hasa? Hapa ndipo istilahi za mitihani zinapodai uangalifu, kwa kuwa tunatumia pointi, alama, maksi, gredi na daraja kana kwamba ni kitu kimoja. Mtoto wa darasa la saba aliyefanya vizuri kuliko wote katika PLE ana jumla ya 4, yaani 1 katika kila somo kati ya masomo manne. Miaka sita baadaye, katika UACE, pointi 4 ni msiba, kwa sababu hesabu imegeuka. Herufi A ina pointi 6, B ina 5, C ina 4, D ina 3, E ina 2, na O ina 1. Kwa masomo makuu matatu, pamoja na somo la jumla na somo dogo la kompyuta au hisabati, kilele ni 20. Katika nchi moja, chini ya baraza moja la mitihani, uchache ulikuwa sifa na sasa wingi ndio sifa.

Ukivuka mipaka, mambo yanachanganyika zaidi. Katika kidato cha sita cha Tanzania, aliye juu kabisa ana pointi 3, na Daraja la Kwanza huishia 9. Nchini Kenya, mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, huhesabiwa masomo saba, kila moja na pointi zisizozidi 12, hivyo kilele ni 84. Kongo huhesabu kwa asilimia, na 50 ndiyo mstari wa kufaulu mtihani wa taifa. Kwa hiyo mtu akisema “nina 9” bila kusema zaidi, huenda amejisifu, huenda amejilaumu. Namba peke yake haijasema kitu.

Haikuwa hivi siku zote. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1967, na kijana wa Kasese, wa Kisumu na wa Tanga walipimwa kwa kipimo kimoja. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na baraza lake, NECTA, likaundwa kisheria mwaka 1973. Kenya ikaunda lake mwaka 1980. Uganda ikapata UNEB mwaka 1983. Kila baraza lilichagua namna yake ya kuhesabu, na kila namna ilizaa msamiati wake. Tanzania imekwenda mbali kuliko wote katika kuutafutia Kiswahili: ina udahili kwa kuingizwa chuoni, ina tahasusi kwa mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, ina mtahiniwa, ina ufaulu. Uganda ilimaliza shughuli hiyo yote kwa Kiingereza. Ndiyo maana leo, Kiswahili kikiwa lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya katiba ya 2005, na Baraza la Mawaziri likiwa limeamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, mwalimu wa Kiswahili wa Kasese anaweza kufundisha ngeli zote bila kuwa na neno la kumwelezea mzazi fomu ya chuo.

Pengo hilo linaumiza zaidi hapa mpakani kuliko Kampala. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa upande wa Beni na Butembo, kule Kongo, ni watu wa asili moja, na lugha zao zinasikilizana. Chukua binamu wawili, mmoja amesoma Bwera na mwingine Beni. Wa Bwera ana B, C na D katika masomo makuu, na pointi moja moja katika yale mawili madogo, jumla 14. Wa Beni ana diploma ya taifa yenye asilimia 62. Nani amefanya vizuri zaidi? Bibi yao hawezi kujibu. Karani wa udahili naye hawezi kujibu kwa kutazama tu. Akiisoma 62 kwa jicho la shule iliyozoea kutoa 80 na 90, atamdhulumu kijana ambaye kwao ameshangiliwa kwa kumwagiwa poda nyeupe kichwani.

Kazi hiyo ina jina zuri: ulinganifu. Ni kutafuta ni kiasi gani cha hiki kinachokaa sawa na kiasi gani cha kile, bila kukifanya kimoja kuwa kingine. Cheti cha sekondari cha nchi nyingine, kikitakiwa kutumika kuingilia chuo cha Uganda, hupelekwa UNEB kwa kazi hiyo. Ulinganifu ni kazi ya ofisi, wala si ya mwombaji. Yeye aseme alichopata kwa kipimo alichopimiwa. Akilazimishwa kugeuza asilimia kuwa pointi, akakosea, tutamwita mwongo kwa kosa la hesabu ambayo haikuwa yake.

Hata ndani ya Uganda jumla haitoshi. Makerere na vyuo vingine vya umma haviichukui 14 ile kama ilivyo. Kwa kila kozi, masomo mawili ya lazima huzidishwa kwa 3, somo linalohusiana huzidishwa kwa 2, na yanayofaa tu huachwa kwa 1. Ikiwa B na C za kijana wetu ndiyo masomo ya lazima, D yake ndiyo inayohusiana, na mawili madogo ndiyo yanayofaa, basi 15 na 12 na 6 na 2 hufanya 35, kabla ya kuongeza sehemu ya kidato cha nne. Akiomba kozi nyingine, alama zilezile zinatoa namba nyingine. Hiyo naiita alama ya uzito, na si yake kuitamka. Tamko lake liwe la herufi kwa kila somo, pamoja na jina la mtihani, mwaka na namba ya mtahiniwa. Hayo anayajua kwa hakika. Yaliyobaki ni hesabu ya chuo.

Sasa kuna watakaosema: karatasi ndiyo ngao yetu dhidi ya udanganyifu, tusiiweke nyuma. Nawaheshimu, maana udanganyifu upo. Mwezi Aprili 2017 Tanzania ilitangaza kwamba watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na tangu siku hiyo neno uhakiki hutamkwa kwa hofu. Lakini tuangalie vizuri kilichotokea. Watu wale hawakuajiriwa kwa tamko tupu. Waliajiriwa kwa vyeti, na vyeti hivyo vilikaa kwenye mafaili. Kilichowafichua ni kumbukumbu za baraza la mitihani. Uongo haukuzuiwa na karatasi, ulikamatwa na daftari la aliyesahihisha. Kama ndivyo, nguvu ya ukweli iko UNEB na NECTA, na chuo kinapaswa kwenda kuitafuta huko, badala ya kumtuma mtoto apande na kushuka milima akibeba karatasi mkononi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya jambo ambalo kila mzazi wa huku analijua. Shule nyingi huzuia karatasi ya matokeo mpaka deni la ada lilipwe. Kijana ameisoma simu yake, anazijua alama zake, na UNEB inazijua. Lakini slipu imefungiwa kabatini, na tarehe ya mwisho ya maombi haimsubiri. Mzazi wa Bwesumbu aliyetegemea kahawa, na kahawa ya mwaka huo ikawa haijauzwa, hana cha kukomboa. Mtoto huyo hakufeli mtihani. Amefelishwa na karatasi. Na hata aliye na slipu hushuka na bodaboda hadi mjini, akalipia nakala, akalipia mtu wa intaneti wa kumpakia mafaili, kwa ajili ya ombi ambalo huenda lisikubaliwe.

Tayari siku ya kuandikishwa chuoni vyeti halisi hudaiwa na kukaguliwa. Hatua ya mwisho ya uhakiki ipo. Kinachotakiwa ni kukubali kwamba hatua ya kwanza ni kitu kingine, chenye jina lingine na masharti mengine. Nasi tukizitenganisha hatua hizi kwa maneno, tutaweza kuzitenganisha kwa kanuni.

Kwa hiyo haya ndiyo maneno ninayoyaombea nafasi katika shule na ofisi zetu. Tamko la alama: kauli iliyoandikwa na mwombaji, akieleza alichopata kwa kila somo, kwa kipimo alichopimiwa. Hati ya matokeo: karatasi ya baraza la mitihani, iwe slipu au cheti. Ulinganifu: kukiweka kipimo cha nchi moja mbele ya cha nyingine. Alama ya uzito: namba ambayo chuo hukokotoa kwa kozi yake. Uhakiki: kulilinganisha tamko na kumbukumbu za baraza, kazi inayofanywa na chuo, kwa gharama ya chuo, kabla ya kumwandikisha aliyechaguliwa.

Na juu ya sahihi ya mwombaji pawe na sentensi moja ya Kiswahili isiyo na vitisho: “Hizi ndizo alama nilizopata, nakubali zihakikiwe, na nikigundulika nimesema uongo, nafasi yangu ifutwe.” Kijana wa Bwesumbu anaweza kuisoma sentensi hiyo, akaielewa, akaitia sahihi bila kumwogopa mtu. Chuo kinachodai kuwaandaa watu wa kuaminiwa kianze kwa kupokea neno lao, kisha kifanye kazi yake ya kulipima.