Mtihani wa 30,240: Hesabu ya Mirathi na Msamiati Wetu

Kibuli ni mojawapo ya vilima vya Kampala, na kwa Waislamu wa Uganda ni kitovu cha historia yao. Hapo ndipo ulipo msikiti uliofunguliwa mwaka 1951 katika ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo. Uislamu ulifika Buganda katika miaka ya 1840 pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani, na Kiswahili kilikuja katika misafara hiyohiyo. Yalikuja pia maneno ya elimu ya mirathi, ambayo leo tungependa kuyatazama kwa kupitia namba moja tu: 30,240.

Wanafunzi wa mirathi wamefundishwa kwa karne nyingi swali maarufu liitwalo kwa Kiarabu *al-imtihan*. Neno hilo ndilo lililotupa "mtihani". Swali lenyewe ni hili: mtu amefariki akaacha wake 4, mabibi 5, mabinti 7, na warithi wa kiume 9 wa upande wa baba walio wa daraja moja. Wake hupata thumuni, yaani moja ya nane. Mabibi sudusi, yaani moja ya sita. Mabinti theluthi mbili. Na kinachobaki ni cha wale tisa, waitwao asaba.

Tukianza na mafungu 24, wake wanapata 3, mabibi 4, mabinti 16, na asaba 1. Lakini mafungu 3 hayagawiki kwa wake 4, wala 4 kwa mabibi 5, wala 16 kwa mabinti 7, wala 1 kwa watu 9. Ili pasiwe na mabaki, tunazidisha 24 kwa 4, kwa 5, kwa 7 na kwa 9. Jibu ni 30,240. Sasa kila mke anapata mafungu 945, kila bibi 1,008, kila binti 2,880, na kila asaba 140.

Kwa nini namba hii inakubali kugawanywa hivyo? Imejengwa kwa namba tasa ndogondogo: 2 mara tano, 3 mara tatu, 5 na 7. Kwa hiyo ina vigawo 96. Tena ina sifa nyingine ya ajabu: ukijumlisha vigawo vyote hivyo, pamoja na namba yenyewe, unapata 120,960, yaani 30,240 mara nne kamili. Sifa hiyo ilionyeshwa na Mfaransa Descartes mwaka 1638, naye hakuwa akishughulika na mirathi hata kidogo. Kinyume chake, al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa ajili ya wasia na mirathi.

Sisi walimu wa lugha tunahusika vipi? Wanafunzi wetu wengi husema "moja ya nane" bila shida, lakini wakisikia thumuni hukumbuka, kama wanakumbuka chochote, sarafu ya senti hamsini. Sudusi hawaijui kabisa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 129, inataja mahakama za makadhi zitakazoshughulikia ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Mjane anayesomewa fungu lake kwa maneno asiyoyaelewa hawezi kulihakiki. Itambidi aamini tu anachoambiwa.

Tunapendekeza basi kwamba nusu, theluthi, robo, sudusi na thumuni zifundishwe pamoja, kwa mifano ya kugawa mali halisi, wala zisiachwe mwishoni mwa kamusi. Mwanafunzi atakayeweza kueleza kwa Kiswahili sanifu jinsi 24 ilivyozaa 30,240 atakuwa amefaulu mitihani miwili kwa pamoja.