Msondo Ngoma na Wazee Wake Waliotangulia

Mwaka 2024 bendi ya Msondo Ngoma ilitimiza miaka 60. Mashabiki wake wanaiita Baba ya Muziki, na jina hilo haikupewa kwa upendeleo, kwani inahesabiwa kuwa bendi kongwe kuliko zote nchini Tanzania ambazo bado zinapiga. Lakini wengi wa waliolishika jukwaa lake siku za mwanzo wametangulia mbele ya haki, na wengine waliowafuata nao wameondoka katika miaka hii ya karibuni. Makala haya ni ya kuwakumbuka. Nimeona ni vyema niwakumbuke kwa kusimulia chombo walichokijenga, maana wao walikuja, wakahama, wakarudi, wakastaafu na wakafa, na bendi ikabaki imesimama.

Bendi hii ilizaliwa katika mwaka mgumu. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na katika msukosuko huo baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walitiwa ndani. Shirikisho la vyama hivyo, TFL, lililokuwa limeasisiwa mwaka 1955, likavunjwa. Mahali pake kikaundwa chama kimoja cha wafanyakazi wote, NUTA, kikiongozwa na Michael Kamaliza, ambaye wakati huohuo alikuwa waziri wa kazi. Chama kipya kilihitaji kusikika kwa wanachama wake, na miaka hiyo hapakuwa na sauti iliyosikilizwa mijini kushinda dansi. NUTA ikaunda bendi yake mwaka uleule.

Ili kuuelewa uzito wa uamuzi huo, lazima ujue wanamuziki waliishi vipi kabla yake. Bendi za zamani, kama Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, zilikuwa klabu. Wanachama walichanga fedha za kununulia vyombo, mchana kila mtu akaenda kwenye kibarua chake, na jioni wakakutana kufanya mazoezi. Aliyekosa kazi mjini alikosa pia nguvu ya kukaa kwenye muziki. NUTA ilifanya jambo jipya: iliwaajiri wanamuziki na kuwalipa mshahara wa mwezi, kama karani au dereva wa chama. Vyombo vilikuwa mali ya chama. Naamini kabisa kwamba mshahara huo, kuliko kipaji cha mtu yeyote mmoja, ndio uliofanya bendi iishi. Ulimpa mpiga gitaa muda wa kukaa na gitaa lake kutwa, na ukampa kijana aliyetoka mkoani sababu ya kubaki Dar es Salaam. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 utaratibu huo ukaenea. Jeshi lilikuwa na bendi, polisi wakawa na yao, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikaanzisha Urafiki Jazz, vijana wa chama wakawa na Vijana Jazz, na hata shirika la bima likawa na Bima Lee. Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa na NUTA.

Miongoni mwa walioajiriwa mwaka huo wa kwanza alikuwamo Muhidin Maalim Gurumo, kijana wa Masaki, kijiji cha Kisarawe mkoani Pwani, aliyezaliwa mwaka 1940. Alikuwa amekwisha kupita Rufiji Jazz na Kilwa Jazz. Kwa wapenzi wa dansi Gurumo hahitaji utangulizi, lakini kwa vijana waliozaliwa baada ya kaseti kutoweka, inafaa kueleza sauti yake ilikuwaje. Haikuwa sauti nyororo. Ilikuwa nzito kidogo, ya mtu mzima anayekueleza jambo ukumbini kwake, na alipoimba kuhusu ndugu, ndoa, ulevi au kifo, msikilizaji aliketi vizuri kama anayesikiliza shauri la mjomba wake. Na kweli watu walimwita Mjomba. Wengine walimwita Kamanda.

Nyimbo za bendi hiyo zina umbo ambalo waliozizoea hulijua hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Huanza polepole. Mwimbaji anasimulia kisa, wenzake wanaitikia kwa sauti mbili au tatu zilizopangwa, na magitaa yanasukana: solo juu, ridhimu katikati, besi chini. Kati ya ubeti na ubeti tarumbeta na saksafoni zinaingia pamoja, kisha zinapisha. Sehemu hiyo ni ya kusikiliza, na ukumbini wengi hubaki vitini na chupa zao. Halafu linakuja chemko. Maneno yanapungua, gitaa la solo linashika kipande kifupi na kukirudiarudia, tumba zinapanda, na watu wote wanainuka. Mwenye fedha anapanda jukwaani kumtunza mwimbaji, noti anaibandika kwenye paji la uso lililolowa jasho. Huo ndio mtindo ulioitwa Msondo, kwa jina la ngoma ndefu inayopigwa kwa mikono, na baada ya miaka mingi jina la mtindo likalimeza jina la bendi.

Jina la bendi lenyewe lilibadilika kila mwenye mali alipobadilika. Baada ya TANU na ASP kuungana na kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, chama cha wafanyakazi kilipangwa upya kikawa JUWATA, na bendi ikawa JUWATA Jazz. Mwaka 1991 JUWATA ikakipisha chama kipya, OTTU, na bendi ikawa OTTU Jazz. Vyama vya wafanyakazi vilipojitenga na dola na kubanwa na gharama, wanamuziki walibaki na jina ambalo hakuna ofisi iliyowapa, Msondo Ngoma, na wakaendelea kwa mlango, yaani kwa viingilio vya wapenzi wao.

Mtikisiko mkubwa ulikuja mwaka 1978. Mlimani Park Orchestra ilianzishwa mwaka huo, na ikachukua watu waliokomaa, wakiwamo Gurumo mwenyewe, Hassan Bitchuka, Abel Balthazar na Cosmas Chidumule. Mtindo wao wakauita Sikinde, na tangu hapo Dar es Salaam ikagawanyika. Kulikuwa na watu wa Msondo na watu wa Sikinde kama walivyo watu wa Simba na Yanga, na bendi hizo mbili zilipokutanishwa ukumbi mmoja, kila kambi ilikwenda na ushahidi wake. Mwaka 1985 Gurumo na wenzake kadhaa walihama tena, safari hii kwenda Orchestra Safari Sound ya mfanyabiashara Hugo Kisima. Miaka ya mwanzo ya 1990 akarudi Msondo, na hakuondoka tena.

Uhamaji huo uliwahi kulaumiwa magazetini kwamba ni tamaa. Mimi siuoni hivyo. Mtu aliyehama alibeba alichojifunza, lakini pia alikiacha kwa waliobaki, na waliobaki walilazimika kulea wengine upesi. Gurumo na wenzake walipoondoka, JUWATA haikufa. Walipandishwa vijana waliokuwa wakiitikia nyuma, wakapewa kipaza sauti cha mbele. Katika kundi la baadaye alitokea TX Moshi William, ambaye kwa miaka mingi sauti yake ndiyo iliyokuwa Msondo kwa kizazi changu. Yeye hakupata kuufikia uzee. Alifariki dunia Machi 2006. Msiba wake uliwaonyesha wengi kwamba wimbo unaweza kuendelea kupigwa kila Jumapili hali mwenyewe yuko kaburini, na bendi haikuona haya kuwapa vijana nyimbo zake waziimbe.

Shaaban Dede naye anastahili kutajwa kwa kirefu kuliko nafasi inavyoruhusu. Alitoka Kagera, upande wa pili kabisa wa nchi, na katika maisha yake aliimbia bendi nyingi, zikiwamo Msondo na Sikinde zote mbili, jambo ambalo wapenzi wa pande hizo walimsamehe kwa sababu ya utunzi wake. Alikuwa mtunzi wa mapenzi na majuto, na alijua kuuanza wimbo katikati ya kisa, kama mtu aliyemkuta mwenzake njiani akamalizia maneno waliyoyaacha jana. Alifariki Muhimbili Julai 2017 akiwa mtu wa Msondo.

Gurumo alikuwa amemtangulia. Mwaka 2013, baada ya kuugua kwa muda, alitangaza kustaafu muziki, akiwa ameuimba kwa takriban nusu karne. Alieleza hadharani kwamba miaka yote hiyo haikumwezesha kumiliki hata gari. Maneno hayo yaliwachoma watu. Msanii Diamond Platnumz, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, alimzawadia gari mwaka huohuo, na picha ya mzee akikabidhiwa ufunguo ilizunguka nchi nzima. Gurumo alifariki tarehe 13 Aprili 2014 na kuzikwa kwao Masaki, Kisarawe, mahali alipozaliwa. Zawadi ile ilikuwa ya heshima na ilimpendeza, lakini ilimfikia akiwa amebakiwa na miezi michache ya kuishi, na ilitoka mfukoni mwa msanii mwenzake.

Fedha zilipotelea wapi? Jibu linaanzia studio. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, wanamuziki wote chumba kimoja, na kanda zikabaki maktaba ya redio. Aliyetaka santuri alitegemea Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, njia hiyo nayo ikaziba kwa kiasi kikubwa. Nyimbo zilipigwa redioni asubuhi, mchana na usiku, zikalifundisha taifa Kiswahili cha mjini, na mtunzi akaendelea kuishi kwa mshahara wake wa mwezi. Zikafuata kaseti za kudurufu, zilizouzwa Kariakoo kama karanga. Sheria ya hakimiliki iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, ilipitishwa mwaka 1999, wakati sehemu kubwa ya kazi za wazee hawa ilikuwa imekwisha kurekodiwa. Mwaka 2007 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilitoa mkusanyo wa nyimbo za dansi za Tanzania za miaka ya 1960. Ni mkusanyo mzuri, na wasikilizaji wa Ulaya waliupenda. Natamani ungekuwa umetoka Dar es Salaam.

Msiba mwingine kwa jamii hii ya dansi ulikuwa wa Boniface Kikumbi, King Kikii, aliyefariki Novemba 2024. Hakuwa mtu wa Msondo. Alizaliwa Lubumbashi, akaja Tanzania na bendi miaka ya 1970, akawa Mtanzania kwa kila hali, na wimbo wake wa Kitambaa Cheupe haukosekani kwenye harusi hadi leo. Namtaja hapa kwa kuwa alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki wa rika lile lililoujenga usiku wa Dar es Salaam, na kwa kuwa bendi yake iliitwa kwa fahari Wazee Sugu.

Msondo bado ipo. Sura zimebadilika, ala zimebadilika, ukumbi si uleule wa Amana ambako wapenzi wa Ilala walijazana zamani, lakini ukifika mapema utakuta wazee wa rika la Gurumo wameketi meza za mbele, wakisubiri nyimbo wanazozijua, na vijana wa jukwaani wanaziimba kwa heshima, bila kuzikatiza.

Ombi langu ni kwa pande tatu. Kwa shirika la utangazaji la taifa, ambalo ndilo lililorithi kanda za Radio Tanzania: zihifadhiwe kwa mfumo wa kisasa, ziandikwe majina ya watunzi na wapigaji wote, na zinapopigwa familia zao zilipwe. Kwa wajane na watoto wa wanamuziki: daftari za nyimbo, picha na barua za mikataba zilizo ndani ya masanduku zisitupwe wakati wa kuhama nyumba. Na kwako msomaji, ikiwa mtaani kwako anaishi mzee aliyepiga tumba au tarumbeta katika bendi yoyote ya miaka ile, nenda ukamsalimie wiki hii, na umrekodi kwa simu yako akisimulia.